Kubadilishana wachezaji na timu za kompyuta kusigeuke unyang'anyi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliichapa Jumamosi iliyopita. Alikuwa akiwaelekeza vijana namna ya kuendesha timu ya besiboli katika mchezo wa kompyuta uitwao Out of the Park Baseball, na sehemu kubwa ya barua hiyo ilihusu jinsi ya kuzipora timu zinazoendeshwa na kompyuta. Yeye hakutumia neno kupora. Alisema ni kubadilishana wachezaji kwa akili. Njia yake ni hii: kusanya wachezaji wanne wa kawaida ambao huna kazi nao, wapeleke kwenye timu ya kompyuta, uombe nyota wao mmoja, na ukikataliwa uongeze wa tano. Anasema kwa njia hiyo ametwaa ubingwa mara sita mfululizo. Mimi nami nimewahi kuifuata njia hiyo, naijua kuwa inafanya kazi, na ninaandika kwa sababu naamini inamnyima mtu kile hasa kilichomvuta kwenye mchezo huu.

Kwa wasomaji waliozoea soka, nieleze kwanza kwa nini jambo hili lina uzito mkubwa zaidi katika besiboli. Katika soka klabu hununua mchezaji kwa fedha. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, yenye timu 30, mara nyingi timu hutoa mchezaji na kupokea mchezaji, na kila mmoja huhama na mkataba wake pamoja na mshahara uliobaki. Ni kana kwamba Yanga wangewapa Simba kiungo wao bora, nao Simba wakatoa beki mmoja na vijana wawili wa kikosi cha pili, na mambo yakaishia hapo bila upande wowote kumhesabia mwenzake noti. Mchezaji mwenyewe kwa kawaida haulizwi. Anaweza kuamka Ohio akalala California. Mwenye haki ya kukataa ni yule aliyetimiza miaka 10 katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo, au yule ambaye mkataba wake una kifungu cha kumlinda asihamishwe.

Kinachozifanya timu mbili zikubaliane ni kwamba zinahitaji vitu tofauti kwa wakati mmoja. Timu inayowania ubingwa inataka mchezaji aliyeiva leo. Timu iliyokwisha kukata tamaa ifikapo Julai inataka kijana atakayeiva baada ya miaka mitatu, kwa kuwa kijana akipanda ligi kuu hubaki chini ya timu yake kwa takribani misimu sita kabla ya kuwa huru, na miaka ya mwanzo hulipwa kiasi kidogo akilinganishwa na wakongwe. Mwaka 2024 kima cha chini kilikuwa dola 740,000, wakati nyota wakubwa wanalipwa makumi ya mamilioni. Kwa hiyo chipukizi ambaye bado hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu anaweza kuwa na thamani kuliko mtu mwenye jina linaloimbwa uwanjani. Ni biashara ya leo na kesho, na ndiyo inayonifanya mimi niupende mchezo huu kuliko mwingine wowote.

Niliijua besiboli ukubwani, baada ya kuhamia Columbus, Ohio, kikazi. Jirani alinichukua kwenda uwanja wa Huntington Park kuwatazama Columbus Clippers, timu ambayo tangu 2009 inawalea vijana wa timu ya ligi kuu ya Cleveland kabla hawajapanda. Msimu wa kwanza sikuelewa karibu lolote. Msimu wa pili nilianza kuwafahamu vijana kwa namba za mgongoni, na nikagundua kwamba kijana niliyemshangilia Ijumaa anaweza asiwepo Jumanne, kwa kuwa Cleveland wamemtoa kwa timu nyingine ili wapate mtu wanayemhitaji. Nilitaka kujua nani huamua, na kwa hesabu gani. Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye Out of the Park.

Mchezo huu ulibuniwa na Mjerumani, Markus Heinsohn, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999. Humo hushiki gongo wala hurushi mpira. Wewe ni meneja mkuu: unapanga kikosi cha watu 26, unapatana mikataba, unawatuma wasaka vipaji, unamjibu mmiliki wa timu anayetaka ushindi na faida kwa pamoja, kisha unaiacha kompyuta icheze mechi 162 za msimu, siku baada ya siku, pamoja na mechi za ligi zote ndogo zilizo chini yako. Timu nyingine zote zinaongozwa na kompyuta. Ukitaka kubadilishana wachezaji nazo, unaweka majina upande wako, unaweka majina upande wao, na meneja wa kompyuta anakuambia amekubali, amekataa, au yuko karibu kukubali. Kuna hata kitufe cha kumuuliza angetaka nini ili biashara ifanyike.

Meneja huyo wa kompyuta hupima kila mchezaji kwa vipawa vyake, ambavyo huonyeshwa kwa kipimo cha 20 hadi 80 wanachotumia wasaka vipaji wa Marekani wenyewe, kisha huangalia umri, mshahara, matumaini ya baadaye, na takwimu za msimu huu na za misimu iliyotangulia. Kila mchezaji anapata thamani yake, thamani za upande mmoja zinalinganishwa na za upande wa pili, na jibu linatoka. Hesabu hiyo ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, na watengenezaji wameirekebisha toleo baada ya toleo. Udhaifu wake ni ule ule alioutumia msomaji mwenzangu. Thamani ya wachezaji wanne wa kawaida ikijumlishwa inaweza kuikaribia ya nyota mmoja, lakini uwanjani nafasi ni tisa tu, na wale wanne watamsukuma nje mtu ambaye tayari alikuwa anatosha. Ndimu hata zikijaa kapu hazigeuki embe. Binadamu analiona hilo bila kuambiwa. Kompyuta ni lazima ifundishwe, na kila ikifundishwa watu wanatafuta mahali pengine ambapo haijafundishwa.

Mahali pengine penyewe napafahamu, na nitapataja kwa kuwa sipendi mtu adhani nalaumu nisichokijua. Nilikuwa na mrushaji wa miaka 34, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, ambaye msimu mmoja takwimu zake zilipendeza sana. Pointi alizoruhusu zilikuwa chache, na jina lake likapanda. Mimi nilizitazama takwimu hizo kwa makini zaidi. Tangu mwaka 2001, utafiti wa Mmarekani Voros McCracken umewafanya watu wa besiboli watambue kwamba mrushaji ana mamlaka makubwa juu ya mambo matatu: kuwatoa wapigaji wakikosa mpira, kutowapa nafasi za kutembea bure hadi kituo cha kwanza kati ya vituo vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili apate pointi, na kutoruhusu mpira upigwe ukavuka uzio. Mpira uliopigwa ukabaki uwanjani, kudakwa au kutodakwa, una bahati nyingi ndani yake na unategemea walinzi walio nyuma yake. Mrushaji wangu alikuwa amepata bahati. Hakuwa akiwatoa watu kwa uwezo wake. Mipira ilikuwa ikiangukia mikononi mwa wenzake. Nilimtoa kabla bahati haijamwisha, nikapewa chipukizi wawili, na msimu uliofuata mzee yule aliporomoka.

Hapo sijioni kuwa na kosa. Kumsoma mtu vizuri kuliko mwenzako anavyomsoma ndiyo kazi ya meneja mkuu, na mameneja wa kweli wanafanya hivyo kila mwaka. Kosa langu lilikuja baadaye, nilipoacha kusoma wachezaji nikaanza kuisoma kompyuta. Nilitambua kwamba timu fulani ikiwa na upungufu wa warushaji wa kumalizia mechi, meneja wake humpandisha thamani mrushaji yeyote unayempelekea. Kwa hiyo nikawa nawaokota warushaji hao bure kutoka miongoni mwa watu wasio na timu, nikiwatoa baada ya majuma machache kwa vijana wa maana. Sikujua hata majina yao. Katika misimu mitatu nilichukua makombe matatu. Ligi yangu ilikuwa ya wachezaji wa kubuni, ambao mchezo wenyewe unawazalisha, na bado nakumbuka vizuri jioni nilipofungua ukurasa wa kikosi cha timu moja niliyoitembelea mara nyingi kuliko nyingine. Walikuwa na wadakaji wanne, yaani wale wanaokaa nyuma ya mpigaji, nafasi ya mtu mmoja. Mrushaji wao mmoja tu wa kuanza mechi ndiye aliyekuwa na kiwango, naye kiwiko chake kilikuwa kimeumia. Kituo cha pili walikuwa na watu watano, na wa kusimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, ambayo ni nafasi ngumu kuliko nyingi, hawakuwa na mtu, kwa kuwa mtu wao alikuwa kwangu. Walikuwa wamepoteza mechi 119. Karibu robo ya ligi ilifanana nao, na wote walikuwa wamepita mikononi mwangu.

Ningepambana na nani msimu wa nne?

Mwaka huo nilikuwa nikifanya kazi zamu ya usiku pamoja na Mkongo mmoja wa Bukavu, ambaye aliupenda mchezo huu kwa kuutazama juu ya bega langu wakati wa mapumziko. Nilipomwonyesha jinsi ninavyozitoa nyota kwenye timu za kompyuta, hakushangilia. Aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu, "Kaka, hapo unaibia mutoto mwenye hana mama." Neno hilo lilinikaa. Kweli, timu ile haina wa kuisemea. Haina mashabiki watakaoandamana, haina mwandishi wa habari atakayeuliza kulikoni, haina meneja atakayefukuzwa kwa aibu kisha mwingine aje akiwa ameapa kutorudia ujinga ule. Inajibu ndiyo au hapana kwa mujibu wa hesabu iliyopewa, na kesho itakujibu hivyo hivyo.

Tangu hapo tunacheza ligi moja, yeye na timu yake, mimi na yangu, na timu nyingine zote ni za kompyuta. Tuna kanuni moja. Mmoja wetu akitaka kubadilishana na timu ya kompyuta, mwingine anakuwa wakili wa timu hiyo. Ninamweleza kwa nini timu ile ingekubali: kwamba inakaribia kombe na haina mpigaji wa mkono wa kushoto, au kwamba mkataba wa nyota wao unakwisha Oktoba na hawana fedha za kumbakiza, au kwamba chipukizi ninaompa anacheza nafasi ambayo mzee wao anastaafu. Nikiweza kumweleza akaridhika, tunabonyeza. Nikibaki nasema tu kwamba kompyuta imekubali, biashara imekufa. Kuna siku tumebishana saa nzima juu ya mlinzi mmoja wa kituo cha tatu, na saa ile nilijifunza besiboli kuliko katika makombe yangu yote matatu.

Msomaji mwenzangu anaweza kunijibu kwamba hata mameneja wa kweli huporana, na kwamba historia ya besiboli imejaa mabadilishano ya upande mmoja. Ni kweli, na timu ya mkoa ninaoishi ni ushahidi. Tarehe 27 Juni 2002 Cleveland walimtoa mrushaji wao mkubwa Bartolo Colón kwenda Montreal Expos, wakapokea vijana watatu, Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips, pamoja na mkongwe Lee Stevens. Lee alikuja kushinda tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, kwani ligi kuu imegawanyika katika ligi mbili, mwaka 2008, akiwa na ushindi 22 na kushindwa mara 3. Sizemore aliitwa kwenye mechi ya nyota, inayowakutanisha wachezaji bora wa msimu, miaka mitatu mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2008. Phillips naye akawa nyota. Mtu akiitazama orodha hiyo leo atasema Montreal walipigwa changa la macho.

Lakini tazama Montreal walikuwa katika hali gani siku ile. Timu yao ilikuwa imechukuliwa na ligi yenyewe, na kulikuwa na mpango wa kuifuta kabisa baada ya msimu. Meneja mkuu wao, Omar Minaya, alikuwa na sababu zote za kuamini kwamba kesho haipo. Chipukizi ni mali ya kesho. Kwa timu isiyo na kesho, vijana watatu wazuri wana thamani gani mbele ya mrushaji anayeweza kushinda leo? Naye Colón hakuwaangusha: alishinda mechi 10 akiwa na Cleveland na 10 nyingine akiwa na Montreal mwaka huo huo. Timu haikufutwa, ikacheza huko miaka miwili zaidi, na mwaka 2005 ikahamia Washington. Minaya alikosea kuhusu kesho, lakini alikuwa na sababu ambayo mtu mzima anaweza kuisimamia mbele ya watu. Kompyuta iliyoniachia mlinzi wake bora kwa warushaji wanne wa kuokota haikuwa na hofu yoyote ya kufutwa. Sababu haikuwepo.

Na kama tunataka mfano wa kosa tupu la binadamu, nao upo, na ni wa Cleveland hao hao. Brandon Phillips, mmoja wa vijana wale watatu, alishindwa kuwaridhisha, na Aprili 2006 wakampeleka Cincinnati, kusini mwa mkoa huu huu wa Ohio, kwa mchezaji ambaye walikubaliana jina lake litatajwa baadaye, na aliyetajwa akawa mrushaji wa ligi ndogo. Phillips akaitwa mara tatu kwenye mechi ya nyota akiwa na Cincinnati. Nalipenda tukio hilo kwa sababu linaonyesha kuwa waliofaidi mwaka 2002 hawakuwa wachawi; baada ya miaka minne nao walikosea juu ya kijana yule yule. Binadamu anakosea huku na huku. Kompyuta mbele ya mtu aliyeligundua tundu lake inakosea upande mmoja tu, kila siku, kwa faida ya mtu yule yule, na ndiyo maana siwezi kuziweka katika kapu moja.

Kuna jambo jingine ambalo barua ile haikuligusa, nalo kwangu ni zito zaidi. Mchezo huu unakuruhusu kuanzia msimu wowote wa zamani, tangu 1871, ukiwa na wachezaji halisi wa wakati huo. Watu wengi, nami nimo, hupenda kurudi nyuma hivyo. Sasa chukua Agosti 1987. Detroit Tigers wako katika mbio kali na Toronto, wanahitaji mrushaji wa kuanza, na tarehe 12 wanampata Doyle Alexander kutoka Atlanta kwa kumtoa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz, ambaye katika ligi ndogo msimu ule alikuwa ameshinda mechi 4 na kushindwa 10. Alexander alishinda mechi 9 bila kushindwa hata moja, akiruhusu wastani wa pointi 1.53 kwa kila vipindi 9, na Detroit wakaipita Toronto kwa mechi mbili tu siku za mwisho. Smoltz naye alikuja kuwa mrushaji bora wa ligi yake mwaka 1996, na mwaka 2015 akaingizwa katika jumba la heshima la besiboli.

Ukicheza msimu ule wa 1987 leo, unajua yote hayo. Kompyuta haijui. Mbele yake kuna kijana mwenye takwimu mbovu, na huenda ukampata kwa bei ya kutupa, kisha ukamkumbatia ukisubiri 1996 huku ukijiita hodari. Hapo hujamsoma mchezaji. Umefungua kitabu cha majibu kabla ya mtihani. Tena hujui hata nusu ya uhondo uliojinyima. Uhondo wa Agosti 1987 ulikuwa kwamba hakuna aliyejua. Watu wa Detroit walipaswa kuchagua kati ya kombe lililo karibu na kijana anayetupa mpira kwa nguvu asiyejua unakwenda wapi, na kwa walichokijua siku ile, sithubutu kusema walichagua vibaya. Bila Alexander sidhani kama wangemaliza msimu wakiwa mechi mbili mbele ya Toronto.

Dawa zipo za aina mbili au tatu, na nimezijaribu. Mchezo una chaguo la kuyaacha mabadilishano ya kihistoria yatokee yenyewe kwa tarehe zake, kwa wanaotaka kuitazama historia ikipita. Mtu anaweza pia kujiwekea sharti la kutowagusa vijana ambao majina yao anayafahamu. Mimi nilichochagua ni wachezaji wa kubuni, kwa kuwa kesho ya kijana wa kubuni haijaandikwa popote, na tangu nifanye hivyo nimelala macho zaidi ya mara moja nikijiuliza kama nilifanya vyema kumtoa.

Wapo watakaosema yote haya yanamalizwa na mipangilio. Katika mchezo kuna kipimo cha ugumu wa kubadilishana wachezaji, kutoka rahisi sana hadi ugumu wa juu kabisa, na kingine cha kuamua kama timu za kompyuta zipendelee wakongwe au chipukizi. Nashauri kila anayeanza aviguse vipimo hivyo, vinasaidia. Lakini nimecheza katika ugumu wa juu kabisa, na nilichokiona ni kompyuta kuwa mchoyo, si kompyuta kuwa na busara. Inataka kulipwa zaidi kwa kila kitu, hata kwa mchezaji asiyemfaa. Mtu mwenye subira bado ataligundua tundu, na safari hii atakuwa na kisingizio kwamba alicheza kwa ugumu wa juu. Kwa upande mwingine, biashara nyingi za haki ambazo mameneja wawili wa kweli wangezikubali kwa simu moja zinakataliwa.

Ombi langu kwa watengenezaji wa michezo ya aina hii, na najua baadhi ya vijana wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanajifunza kuandika programu na huenda siku moja wakawa miongoni mwao, ni kwamba timu ya kompyuta iseme sababu yake. Isiniambie tu kwamba amekubali. Iniambie: tumekubali kwa sababu mlinzi wetu amefikisha miaka 36 na kijana wako yuko tayari mwakani. Ikishindwa kuitaja sababu inayohusu kikosi chake, ikatae, hata kama jumla ya thamani inatosha. Na iwe na kumbukumbu: meneja niliyemwumiza mwaka jana apokee simu yangu mwaka huu kwa tahadhari. Mashabiki wa kubuni walio ndani ya mchezo huu tayari wameumbiwa hisia. Ukimtoa mchezaji wanayempenda, hamasa yao inashuka na mapato ya milangoni yanashuka nayo. Hilo ni kweli hata nje ya kompyuta. Aprili 1960 Cleveland walipomtoa Rocky Colavito, aliyekuwa ameongoza ligi yake, akilingana na mchezaji wa timu nyingine, kwa kupiga mipira 42 ikavuka uzio, wakamchukua Harvey Kuenn aliyeongoza kwa wastani wa kupiga, kwa hesabu za karatasi ilikuwa biashara inayoeleweka, lakini wazee wa Ohio wanaisimulia mpaka leo kwa uchungu. Ikiwa hisia za mashabiki wa upande wangu zimewekwa katika hesabu, sioni kwa nini meneja wa upande wa pili asipewe kidogo.

Kwako wewe, Ndugu Mhariri, naomba mnapochapa maelekezo ya michezo hii kwa vijana msichape tu njia za kuishinda kompyuta. Wapo wanafunzi Tanzania wanaocheza besiboli viwanjani, na Uganda imekwisha kupeleka watoto wake Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, mara ya kwanza mwaka 2012. Mtoto wa namna hiyo akikutana na mchezo huu wa kompyuta, anaweza kujifunza kwa nini timu inamtaka mrushaji wa mkono wa kushoto, kijana wa miaka 19 ana thamani gani, na mkataba ni kitu gani. Akifundishwa kwamba mchezo wote ni kumbambikia meneja asiyeona wachezaji asiowataka, hayo mengine hatayafikia.

Na kwa msomaji mwenzangu mwenye makombe sita, nina pendekezo ninalolitoa kwa nia njema kabisa. Mchezo unakuruhusu, bila kuanza upya, kuiacha timu yako na kukabidhiwa nyingine katika ligi hiyo hiyo. Chagua ile uliyobadilishana nayo mara nyingi. Kaa kwenye kiti cha meneja wake, fungua kikosi ulichomwachia, uone nani anacheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, uone ni mishahara ya nani inayomzuia kusajili, kisha ucheze nayo mechi zote 162, zikiwemo zile utakazokutana na timu yako ya zamani. Ukimaliza, tuandikie humu utueleze ulibadilishana na nani ili kuinyanyua, na kwa sababu gani upande wa pili ulikubali. Mimi na rafiki yangu wa Bukavu tutaisoma barua hiyo pamoja.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa besiboli,
Columbus, Ohio, Marekani